Milango Kumi, Kichwa Kimoja: Panga Meseji na Habari Zako Mahali Pamoja

Katika toleo hili tunaongea kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakishika kabla hata ya kunawa uso: simu. Tulia, hatuji kukuambia uitupe. Wala hatuji kuimba ule wimbo wa "vijana wa siku hizi mmeharibika". Tunataka kukuonyesha jinsi ya kuziweka meseji zako na habari unazosoma mahali pamoja, kwa mpango wako mwenyewe, ili usome, ulale, na usipitwe na lile jambo moja la maana.

HEBU HESABU MILANGO

Chukua karatasi. Andika kila mahali ambapo mtu au habari inaweza kukufikia. SMS za kawaida. Simu ya kupigiwa. WhatsApp, na ndani yake grupu la darasa, la familia, la mtaa, la kwaya au madrasa, la timu. Instagram. TikTok. Barua pepe uliyofungua ili ujaze fomu fulani, halafu ukaisahau. Usishangae ukifika milango kumi na bado unaendelea. Na kila mlango una mlio wake.

Sasa tuseme ni likizo ya Juni, jioni. Grupu la darasa lina meseji 240, nyingi ni utani na vikatuni. Instagram kuna watu wawili wanarushiana maneno na kila mtu anataka kuona mwisho wake. TikTok nayo video haziishi. Katikati ya yote hayo, saa mbili usiku, rafiki yako wa karibu anaandika mstari mmoja tu: "Naomba nipigie, nina shida." Wewe unauona saa sita usiku, au kesho yake mchana, au huuoni kabisa.

Huna roho mbaya. Ulikuwa hewani muda wote. Ila meseji ya rafiki yako ilipanga foleni moja na vikatuni, na kwenye simu kila kitu hulia kwa sauti ileile. Simu haijui kwamba huyu ni rafiki yako tangu darasa la pili na yule ni mtu anayeuza viatu.

KWA NINI JARIDA LA AFYA LIZUNGUMZIE SIMU?

Kwa sababu milango iliyo wazi muda wote inagusa afya yako kwa njia nne.

Kwanza ni usingizi. Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku. Kama unaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule, basi kulala saa sita usiku kunakuachia saa tano tu. Hilo ni deni, na hulipwa kwa kusinzia kwenye kipindi cha fizikia. Ubongo huyapanga vizuri mambo uliyosoma mchana wakati umelala. Mwanga wa kioo cha simu usiku nao unaweza kuichelewesha homoni iitwayo melatonini, ile inayouambia mwili kwamba sasa ni wakati wa kulala.

Pili ni utulivu wa akili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilinganisha watu wanaotumia vyombo vingi vya habari kwa wakati mmoja na wale wanaotumia vichache. Wale wa vyombo vingi walifanya vibaya zaidi katika kuchuja mambo yasiyohitajika. Ungetegemea wao ndio wawe mabingwa kwa kuwa wamezoea, lakini haikuwa hivyo. Wazee walishasema: mshika mbili moja humponyoka.

Tatu ni habari za uongo kuhusu afya: dawa za kienyeji zisizothibitishwa, tetesi za chanjo, vitisho vya magonjwa. Unapopokea habari kutoka kila upande huku umechoka, huna nguvu ya kuuliza, "Nani kasema hili, na lini?"

Nne ni usalama wako, na wa yule rafiki anayesema ana shida.

MLISHO NI NINI, NA NANI ANAUPANGA?

Utasema: "Lakini mbona nimeshaweka kila kitu mahali pamoja? Nikifungua Facebook au Instagram naona yote." Ni kweli, ila angalia nani kapanga.

Ile orodha ya habari isiyo na mwisho unayoishusha kwa kidole inaitwa mlisho. Facebook ilianzisha mlisho wake Septemba 2006. Kabla ya hapo, ukitaka kujua rafiki yako ana jipya gani, ulilazimika kwenda kwenye ukurasa wake mmoja mmoja, kama kutembelea nyumba kwa nyumba. Mlisho ukaleta nyumba zote sebuleni kwako. Watumiaji wengi walilalamika siku za mwanzo, kisha wakazoea.

Baadaye mambo yakabadilika tena. Mwaka 2016 Instagram iliacha kuonyesha picha kwa kufuata muda zilipowekwa. Kompyuta ikaanza kukadiria ni picha gani itakufanya ubaki, na hiyo ndiyo ikatangulizwa. Kwa nini wanataka ubaki? Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, hupata sehemu kubwa kabisa ya mapato yake kwa matangazo ya biashara. Ukikaa zaidi, unaona matangazo zaidi. Hatusemi ni dhambi. Ni biashara, na biashara ina malengo yake. Ila malengo hayo siyo mtihani wako wa kidato cha nne.

Kwa hiyo kuna mahali pamoja pa aina mbili: pale ambapo mwingine amekupangia, na pale ulipopapanga wewe.

KIJANA WA MIAKA 14 ALIYESAIDIA KUTENGENEZA NJIA NYINGINE

Je, wajua kwamba njia ya kujipangia habari mwenyewe ipo tangu zamani? Inaitwa RSS. Ilianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape, Marekani. Na kati ya watu walioandika toleo lake la 1.0, lililotoka Desemba 2000, alikuwemo marehemu Aaron Swartz, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Ndiyo, umri wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili!

RSS hufanya kazi hivi. Chombo cha habari kinapoweka habari mpya, kinaandika pia orodha fupi: kichwa cha habari, tarehe, na anwani ya habari yenyewe. Wewe unakuwa na programu ya kusomea kwenye simu, na unaiambia: "Nifuatie orodha ya hawa watano tu." Programu inazunguka, inakusanya na kukuletea. Kwa kawaida hupangwa kwa tarehe, mpya juu, ya zamani chini. Ukifika mwisho, umefika mwisho. Unafunga, unaendelea na maisha.

BBC Swahili wana orodha hiyo. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa pia. Na kama unasikiliza podikasti, umeshatumia RSS bila kujua, maana ndiyo inayosafirisha vipindi hivyo. Programu za kusomea zipo za bure, kwa mfano Feedly na Inoreader. Habari nyingi zinazokuja kwa njia hii ni maandishi, na maandishi hayali bando kama video.

Lakini hapa pana funzo. Google walikuwa na programu nzuri sana ya RSS iliyoitwa Google Reader, iliyoanza mwaka 2005. Julai 2013 wakaifunga, ingawa watu wengi walikuwa bado wanaipenda. Mwingine ni FriendFeed, mtandao ulioanza mwaka 2007 ili kukusanya mambo ya marafiki zako kutoka mitandao mbalimbali. Facebook waliununua mwaka 2009, na Aprili 2015 ukafungwa. Programu huja na kuondoka. Kwa hiyo mahali pako pamoja pasiwe programu fulani tu. Pawe mpango uliomo kichwani mwako, ambao unaweza kuuhamisha hata simu ikiibwa.

TUPANGE SASA: HATUA SITA

1. Gawa mafungu matatu. La kwanza ni watu wako: wazazi au walezi, ndugu, rafiki wawili watatu. La pili ni mambo yenye tarehe: shule, mitihani, kliniki, mazoezi. La tatu ni habari na burudani. Kila mlango kwenye ile karatasi uutie kwenye fungu lake. Kuna milango utaona haina fungu. Hiyo funga tu.

2. Watu wako wapitie mlango mmoja. Waambie waziwazi: "Ukiwa na jambo la haraka, nipigie au niandikie hapa. Instagram siangalii kila siku." Kwenye WhatsApp, bandika mazungumzo yao juu kabisa ya orodha, yasizame. Hawa ndio pekee wanaoruhusiwa kukulilia simu.

3. Nyamazisha magrupu. WhatsApp hukuruhusu kunyamazisha grupu kwa saa 8, kwa wiki moja, au moja kwa moja. Kunyamazisha siyo kujitoa, na admini hapati taarifa yoyote. Unaweza pia kulihifadhi grupu kwenye kumbukumbu, likakaa pembeni hadi utakapolitafuta wewe. Kumbuka grupu moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Wote hao wakiwa na ruhusa ya kukuamsha usiku, ni noma.

4. Chagua vyanzo vitano vya habari, basi. Viwe vyenye jina, tarehe na mtu wa kuulizwa. Mfano: chombo kimoja cha habari cha nchini, kimoja cha nje, Wizara ya Afya, Baraza la Mitihani kwa mambo ya matokeo, na kimoja cha kitu unachokipenda, iwe mpira, muziki au kilimo. Viweke kwenye programu ya RSS, na kile kisichokuwa na RSS kiweke alama kwenye kivinjari chako. Matokeo ya mtihani hutangazwa na Baraza la Mitihani kwenye tovuti yake. Mtu akikutumia "kiungo cha kuona matokeo mapema", wewe unajua pa kwenda.

5. Weka saa ya kufungua. Posta ya zamani ilikuwa na sanduku, na mtu alikwenda kufungua sanduku, siyo sanduku kumfuata mtu shambani. Fanya hivyohivyo: mara mbili kwa siku, kwa mfano saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, dakika ishirini. Fungu la pili kwanza, la tatu baadaye. Hesabu dakika, maana video hazikuhesabii.

6. Simu ilale chumba kingine. Kama mnalala chumba kimoja na ndugu wengine, iweke juu ya kabati mbali na mkono. "Lakini ndiyo saa yangu ya kuniamsha!" Basi izime data, na uiache mbali kidogo. Utaamka vizuri zaidi ukilazimika kusimama kuifuata.

MFANO HAI: UGONJWA NA TAREHE

Tuone faida ya kuwa na mahali pako pa habari. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Watu 9 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 6 kati yao walifariki. Juni 2, 2023 mlipuko ulitangazwa kuisha. Kisha Januari 20, 2025 ukatangazwa mlipuko mwingine mkoani humohumo, safari hii wilayani Biharamulo, nao ukatangazwa kuisha Machi 13, 2025.

Sasa fikiria meseji isemayo: "Jamani Marburg imeingia Kagera, tuma kwa wote uwapendao!" Haina tarehe, haina jina. Mwezi Aprili 2023 ingekuwa kweli. Katikati ya 2024 ingekuwa uongo. Mwishoni mwa Januari 2025 ingekuwa kweli tena. Maneno ni yaleyale, hakuna herufi iliyobadilika! Kwenye grupu huwezi kujua. Kwenye orodha yako ya vyanzo vitano, kila habari ina tarehe yake, na unamaliza ubishi kwa dakika mbili.

WhatsApp nao wanakupa dokezo. Meseji iliyopita mikono mingi huwa na alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 meseji ya namna hiyo huwezi kuisambaza kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati. Ukiiona mishale miwili, simama kwanza. Kwa jambo la afya unaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

ANGALIA: UFUNGUO MMOJA

Kuweka vitu mahali pamoja kuna hatari yake. Nyumba yenye mlango mmoja ni rahisi kuilinda, lakini mwizi akiupata huo ufunguo, amepata vyote. Kwa hiyo:

- Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp na kwenye barua pepe.
- Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akisema ni admini, mwalimu au wakala.
- Nenosiri la barua pepe lisifanane na la Instagram. Barua pepe ndiyo mama yao, maana ukisahau mengine hurudishwa kupitia kwake.
- Angalia mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.
- Mambo ya siri, kama majibu ya vipimo vyako au picha zako binafsi, yasikae kwenye mlango wa watu wote.

SINA SIMU YANGU. HAYA YANANIHUSU?

Yanakuhusu sana. Shule nyingi haziruhusu simu, na wengi wetu nyumbani tunatumia ya mama au ya kaka. Ukiwa na simu kwa nusu saa tu, mpango ndio unaokuokoa. Tumia daftari kama mahali pako pamoja. Ukurasa mmoja: watu wa kuwajibu. Ukurasa wa pili: mambo yenye tarehe. Ukurasa wa tatu: maswali ya kutafuta. Simu ikifika mkononi, unafuata daftari, na dakika zako haziliwi na video ya paka. Ukimaliza, toka kwenye akaunti zako. Na namba za watu wako wawili zishike kichwani, siku betri ikiisha.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Nikichelewa kujibu, si wataniona najidai?

Siku mbili tatu za kwanza labda. Wakishajua saa zako, watazoea. Rafiki wa kweli anataka ujibu vizuri. Na umemwachia mlango wa kupiga simu, kwa hiyo hujamfungia nje.

Kuna programu moja inayounganisha WhatsApp, Instagram na nyingine zote?

Zipo zinazojaribu. Lakini jiulize: ili ikusomee meseji zote, inabidi uipe funguo zote. Nani kaitengeneza? Kaa mbali na zile WhatsApp za kuchakachua zinazosambazwa mitaani. Siyo za kampuni yenyewe, huna uhakika wa usalama wake, na akaunti yako inaweza kufungiwa.

Mtu ananitishia kusambaza picha zangu. Nimnyamazishe tu?

Hapana. Hii siyo ya kunyamazisha. Usimtumie hela wala picha nyingine, na usifute meseji zake kwa sababu ni ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Unaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kosa ni la anayetishia, siyo lako.

ZOEZI LA KLABU

Mkikutana wiki hii, kila mmoja aje na karatasi yake ya milango. Hesabuni, kisha kila mtu achague milango mitatu ya kufunga kwa siku saba. Andikeni kila asubuhi umelala saa ngapi na umeamka saa ngapi. Baada ya wiki, linganisheni. Halafu jadilini swali hili, msikimbilie jibu: kati ya meseji zote ulizopata wiki hii, ni ngapi ambazo usingeziona, ungejuta? Aliyeziandika hizo ndiye anayestahili kubandikwa juu.